Sahihi za Saa Ambazo Hazijafika

Renita aliporudi kutoka kazini siku ile hakuvua viatu. Mimi hupima uchovu wa mtu kwa viatu vyake. Akivivua mlangoni, bado ana nguvu za kunisaidia kupika. Akivivua chini ya meza, ana nguvu za kula tu. Asipovivua kabisa, mpe kitu cha kunywa na umwache kwanza.

Nilimpa glasi ya chai baridi yenye sukari, nikamwekea maharage na kipande cha mkate wa mahindi, nikarudi kwenye sinki langu. Alikunywa nusu, akafungua kompyuta yake ndogo kando ya sahani, akaitazama kama mtu anayetazama ngazi za ghorofa ya nne siku ambayo lifti imeharibika.

"Bado ile fomu?" nikamuuliza.

"Bado ile fomu, Bibi."

Renita ni mjukuu wangu, nimemlea tangu mama yake alipofariki, na sasa ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na mmoja amekaa kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, katika hospitali ileile ya hapa mjini Macon niliyoisafisha mimi kwa miaka thelathini na mmoja. Mara nne ameomba kupanda cheo. Mara nne wameleta mtu kutoka nje, na mara zote nne ni Renita aliyemwonyesha mtu huyo mafaili yanakaa wapi. Ndiyo maana akaingia chuo, masomo ya jioni, kusomea shahada ya pili ya uendeshaji wa hospitali. Anatoka dirishani saa tisa unusu, anakula, anakwenda darasani, anarudi nimeshalala. Mwaka wa pili huo.

Sasa kuna baraza ambalo kazi yake ni kukagua vyuo vinavyofundisha watu kuendesha hospitali. Chuo kinaandika ripoti nene ya kujieleza, halafu wakaguzi wanakwenda kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Wakiridhika, chuo kinapewa ithibati. Wasiporidhika, anayehitimu pale atapata tabu kazini kila atakapotaja alikosoma. Kila mwaka baraza hilo huchukua wanafunzi sita kutoka nchi nzima, wajitolee nalo kwa mwaka mmoja. Wanasoma ripoti, wanafuatana na wakaguzi, wanakaa meza moja na wakuu wa hospitali na walimu wakubwa. Hawalipwi.

"Bibi," Renita aliniambia siku alipoiona nafasi hiyo, "miaka kumi na mmoja watu wanaongea na mimi kupitia tundu la kioo. Nataka mara moja nikae nao meza moja, wanisikie bila tundu."

Basi nikaelewa. Nikaanza kuiombea ile fomu kanisani kama vile ni mgonjwa.

Aliyekuwa haelewi ni Ozella. Ozella ni jirani yangu, tulisafisha pamoja ghorofa ya tatu, ana ufunguo wa nyumba yangu na hajawahi kubisha hodi. Aliingia jioni ile na sufuria mkononi, akaketi bila kukaribishwa.

"Hebu niweke sawa," akasema. "Kazi yenyewe hailipwi?"

"Hailipwi, Bi Ozella," Renita akajibu.

"Na wanataka insha, na wasifu wako, na barua ya bosi wako, na barua ya mkuu wa masomo?"

"Ndiyo. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni."

"Mimi nilipoolewa na Roscoe sikuulizwa hata nusu ya hayo. Na ile nayo ilikuwa kazi ya bure."

Renita akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia wiki ile, na Ozella akaonekana ameridhika. Mtu akimwona Ozella anadhani kazi yake ni kukejeli watu. Mimi nilimwona alivyomsogezea Renita sufuria yenyewe, mguu wa kuku na madonge ya unga yaliyochemshwa kwenye mchuzi, kipande kikubwa juu.

Barua ya bosi ilikuja bila shida. Msimamizi wa dirishani, Bi Corliss, ni mwanamke asiyesema neno kama kichwa kinaweza kutikisika. Aliiandika saa yake ya chakula, akakubali kumpa Renita siku nane za ruhusa za kufuatana na wakaguzi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isijikunje. Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Walionitilia karatasi yangu kwenye plastiki nawahesabu kwa kidole kimoja.

Insha ndiyo iliyomkwamisha. Maswali yalikuwa matano, na la nne lilikuwa hivi: eleza wakati ulipolinganisha kilichoandikwa na kilichopo, na ulichofanya ulipoona tofauti.

Jumapili baada ya ibada alinisomea alichoandika. Kilihusu ubao wa hospitali unaosema mgonjwa atasubiri dakika ishirini, na jinsi alivyopima kwa saa yake akakuta ni dakika hamsini na tano, akamwambia Bi Corliss, na ubao ukabadilishwa. Kilikuwa kitu cha kweli na kimeandikwa vizuri. Lakini alisoma bila kuinua macho, na alipomaliza akaanza kukwangua meza kwa ukucha, mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Kizuri," nikasema. "Sasa niambie kile kingine."

"Kipi kingine?"

"Hicho unachokikwangua."

Nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Watu wengine huwezi kuwavuta, unawapa mgongo tu.

"Bibi, na chuo chetu kinakaguliwa mwaka huu. Mwezi wa nne."

"Enhe."

"Katika ripoti, chuo kimesema kila mwanafunzi ana mshauri, mtu mkubwa wa hospitali fulani, na wanakutana mara sita. Mimi nilipewa Bwana Culpepper. Tulikutana mara moja, nusu saa. Mwezi uliofuata akahamia Texas, na sikupewa mwingine. Kabla ya Krismasi, karani wa idara akapita na karatasi. Mistari sita kwa kila mtu, mmoja kwa kila mkutano. Nilikuwa kwenye korido, mkoba begani, nachelewa. Nikatia sahihi yote sita."

"Peke yako?"

"Darasa zima, watu ishirini. Wengine walikuwa na mikutano miwili, wengine mitatu. Hakuna aliyeuliza. Na sasa naomba niwe mtu wa kwenda vyuo vya watu kuuliza kama karatasi zao zinasema kweli." Akaweka kichwa juu ya mikono yake. "Halafu barua ya mkuu wa masomo anayeandika ni Dokta Haverkamp mwenyewe. Aliyepeleka ripoti ndiye huyohuyo. Nikimwambia, haandiki. Nisipomwambia, nitaipata ile nafasi na kitu hiki kitakaa nami kwenye meza ile kila siku."

Nikazima jiko, nikaketi mbele yake. Nikamwambia habari ambayo sikuwa nimemwambia, kwa sababu si habari ya kujisifia.

Pale hospitali, nyuma ya mlango wa kila choo, palikuwa na karatasi. Imeandikwa saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na mbele ya kila saa kuna nafasi ya kuandika herufi za jina lako ukishasafisha. Sisi sote tulikuwa tunazijaza asubuhi, zote tano kwa mpigo. Si kwamba tulikuwa wavivu. Ghorofa ya tatu nilikuwa na vyumba ishirini na sita na vyoo vinne, peke yangu. Ukishaanza siku, huwezi kurudi kutafuta kalamu. Kwa hiyo unaandika kwanza, halafu unaomba Mungu siku ifanane na ulichoandika.

Mwaka 1988 wakaja wakaguzi. Saa tatu unusu asubuhi, mtu mmoja mfupi mwenye miwani akatoka chooni ameshika ile karatasi. Akauliza, "V.M. ni nani?" Nikasema ni mimi, Vernell Mathis. Akaniambia, "Bi Mathis, hapa inaonyesha umeshasafisha saa kumi jioni."

Renita akainua kichwa. "Ukasema nini?"

"Nilisema, 'Ndiyo bwana, na kilikuwa kichafu sana.'"

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, ingawa siku ile sikucheka. Nilidhani nimefukuzwa. Lakini yule mtu akaikunja karatasi taratibu, akaniuliza, "Una vyumba vingapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamhesabia. Akaandika. Akauliza na wenzangu wa ghorofa nyingine, akaandika. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nalo nilistahili. Lakini ripoti yake ikasema hospitali haina wasafishaji wa kutosha, na baada ya miezi mitatu wakaajiri wawili wa kusaidia ghorofa yetu na ya juu.

"Mmoja wao ni Ozella," nikamwambia. "Kwa miaka sita kabla ya hapo sisi wengine tulikuwa tunalia kwamba kazi ni nyingi na hawatusikii. Wangetusikiaje? Kila karatasi nyuma ya kila mlango ilikuwa inasema mambo yako sawa. Na tulizijaza sisi wenyewe."

Renita alivua viatu, chini ya meza.

Jumanne, gari lake liligoma kuwaka, nikampeleka chuoni kwa langu. Mwezi wa tatu umeingia, miti ya micheri imechanua mji mzima, na ofisi ya Dokta Haverkamp ilikuwa na dirisha linalouangalia mmojawapo, lakini pazia limefungwa na rundo la mafaili limeegemea hapo. Ni mzungu mrefu, tai imelegea, macho mekundu. Aliponiona nimesimama koridoni alitoka mwenyewe, akabeba kiti chake cha wageni, akaniwekea karibu na mlango.

"Kaa, Mama. Viti vya huku nje vinavunja mgongo."

Kwa hiyo niliyasikia yote, mlango ulikuwa wazi.

"Barua yako iko kwenye orodha yangu," alianza kusema. "Naijua tarehe. Nitaandika, usihofu, wewe ni mwanafunzi—"

"Dokta, kabla hujaandika. Ile karatasi ya washauri. Nilitia sahihi mara sita. Nilikutana naye mara moja."

Niliisikia mashine ya kahawa mahali fulani.

"Ulitia sahihi mwenyewe," akasema.

"Nilitia mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Naomba mistari yangu mitano ifutwe."

"Renita, ripoti imeshapelekwa. Wiki tatu zilizopita."

"Najua."

"Unajua nina walimu wangapi? Wanne. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mimi ndiye nimeandika kurasa mia na themanini. Ile karatasi niliikuta mezani imejaa, nikamshukuru Mungu kuna kitu kimoja kimejaa." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa kama ya Renita akiwa na viatu miguuni. "Na wale wengine kumi na tisa?"

"Siwasemei, Dokta. Nasemea mistari yangu."

"Ukifuta yako, nitaulizwa ya wengine."

"Ndiyo, Dokta."

Dokta akasema, "Niachie nifikirie," na Renita akatoka. Hatukuongea mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo akasema, "Huyo haniandikii tena," akafunga mkanda, akalala kabla hatujavuka daraja.

Alifuta ile habari ya ubao wa kusubiri. Kwenye swali la nne akaandika habari ya mistari sita, kuanzia korido mpaka ofisini, bila kumtaja mtu mwingine kwa jina. Alhamisi akaituma. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa sehemu moja, ambapo fomu ilisema: barua ya mkuu wa masomo, haijapokelewa.

Ijumaa alibadilishana zamu na kijana mmoja wa dirishani aliyemwambia tu, "Nenda, dada, utanilipa siku nikioa." Tukakaa mezani watatu, yeye, mimi na Ozella, kompyuta iko katikati yetu kama keki. Saa tisa, haijapokelewa. Saa kumi, haijapokelewa. Ozella alikuwa ameleta kazi yake ya kushona na hakushona hata mshono mmoja.

"Mpigie simu," akasema.

"Nimepiga mara mbili, Bi Ozella. Inatumika."

"Basi mimi nimpigie. Nitamwambia ni kutoka ofisi ya kodi, atapokea."

"Ozella," nikasema.

"Nimenyamaza. Lakini nakwambia, kuomba kazi ya bure namna hii, ningekuwa mimi ningewadai waniombe wao."

Saa kumi na moja ilipofika, ile sehemu haikusema haijapokelewa tena. Ilisema maombi yamefungwa. Renita akaifunga kompyuta polepole kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema, "Sawa," kama anavyomwambia mgonjwa ambaye bima yake imekataliwa, akaenda kujilaza kwenye kochi na viatu vyake. Nilimfunika miguu. Ozella akakusanya uzi wake, akatoka akinyata, na hilo sijawahi kumwona akilifanya tangu nimjue.

Jumatatu, wakati wa chai ya asubuhi, simu ya Renita ililia. Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliitazama, akaiweka mezani, akabonyeza ili na mimi nisikie.

"Renita," ilikuwa sauti ya Dokta Haverkamp, imekauka. "Nimeamka leo, nimekaa kitandani, nikakumbuka barua yako."

"Ilikuwa Ijumaa, Dokta."

"Najua. Ijumaa nilikuwa kwenye simu kuanzia saa mbili asubuhi. Nimewapigia wote kumi na tisa, mmoja mmoja, nikawauliza mmekutana mara ngapi kweli. Mmoja yuko Alaska kwa mumewe, nilimsubiri mpaka kwao kupambazuke. Nimeandika orodha upya. Nimeandikia baraza marekebisho ya ripoti. Nilimaliza saa moja jioni, nikaenda nyumbani nikalala na nguo. Barua yako ilikuwa imeandikwa tangu Jumatano. Iko hapa mezani chini ya orodha. Sikuituma. Nilisahau tu."

Renita aliniangalia. Mdomo wake ulianza kutetemeka, na sikujua unakwenda upande gani. Ukaenda kwenye kicheko. Akacheka huku machozi yanamtoka, kichwa juu ya meza, na yule mtu kwenye simu akawa anauliza, "Renita? Upo?"

"Yupo, Dokta," nikamjibu mimi. "Mpe dakika."

Dokta alikuwa ameshawapigia watu wa baraza asubuhi ileile kuomba waipokee barua. Mama mmoja aliyepokea alikuwa mpole sana, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema waombaji wengine saba nao wamechelewesha kitu fulani, na hawezi kumfungulia mmoja. Mwaka ujao, akasema. Renita alisema hata yeye angekuwa dirishani pale angejibu hivyo.

Nafasi ile ikapita. Siwezi kusema haikumuuma. Kwa wiki mbili viatu vilikaa miguuni.

Mwezi wa nne wakaguzi walikuja chuoni, watatu, na nyuma yao msichana wa mahali pengine na daftari lake, mmoja wa wanafunzi wa kujitolea wa mwaka uliotangulia. Wakawaita wanafunzi chumbani kuwauliza. Renita anasema waliuliza habari ya washauri, na kila aliyeulizwa akataja idadi yake ya kweli, mmoja, miwili, hakuna, mpaka mkaguzi mkuu akaweka kalamu chini, akauliza, "Chuo kinahitaji nini ili mikutano ifike sita?" Watu wote walianza kuongea kwa pamoja. Yule msichana wa daftari alikuwa anaandika mbio, na Renita hakuweza kuacha kumtazama mikono.

Alhamisi iliyofuata alichelewa kurudi nusu saa. Aliingia, akasimama mlangoni, akavua viatu palepale. Nikajua nitasaidiwa kupika.

Dokta Haverkamp alikuwa amemtafutia mshauri mpya, mama mmoja anayesimamia hospitali ndogo huko Warner Robins. Walikutana kwenye kantini, wakala saladi ya viazi, wakaongea. Renita akanitolea karatasi kutoka kwenye mkoba. Ilikuwa na mistari sita. Mstari wa kwanza ulikuwa na tarehe ya siku ile na sahihi mbili, yake na ya yule mama. Mitano ya chini haikuwa na kitu.

Niliitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji karatasi ya mstari mmoja. Nikaibandika kwenye friji kwa sumaku, karibu na ratiba ya kwaya.

"Fomu inafunguliwa tena mwezi wa kwanza, Bibi," akasema, ameshaanza kumenya vitunguu. "Swali la nne ninalo tayari."

"Na barua?"

"Barua anasema ataituma siku fomu itakapofunguliwa. Saa mbili asubuhi."

Ozella akaingia bila hodi, sufuria mkononi, akaisoma ile karatasi kwenye friji, miwani imeshuka puani.

"Mstari mmoja tu?" akasema. "Mwaka mzima wa kukimbia, mstari mmoja?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ungekuwa umeshaijaza mpaka Krismasi."

"Menya vitunguu, Ozella," nikamwambia, nikamsogezea kiti.